Bibi ninayemtunza ni mgonjwa na hapo hapo amefiwa: kwa Wayahudi inafaa kumpelekea zawadi?

Binti_wa_Pangani · Jumanne, saa 4:10 usiku

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za usiku. Naombeni msaada, nina jambo limenikaa kifuani tangu asubuhi.

Niko New Jersey, huu mwaka wa nne, natunza wazee majumbani kwao. Bibi niliye naye sasa ni Myahudi, ana miaka 84. Aliteleza bafuni akavunjika nyonga, wakamwekea kiungo cha bandia, na bado hajamaliza wiki tano tangu atoke hospitali. Namwogesha, namvalisha, namhesabia dawa, namshika akitembea. Jumapili alfajiri mume wake akafariki. Wameishi pamoja miaka 59. Jumatatu adhuhuri walikuwa wameshazika, wakarudi kukaa msiba pale pale nyumbani. Wao wanaita shiva, ni siku saba.

Leo asubuhi nikaona siwezi kuingia mikono mitupu. Kwetu mgonjwa huendi kumtazama hivi hivi, na mfiwa huendi hivi hivi, na huyu ni vyote viwili. Nikanunua maua na kadi ya kumtakia afya. Nikachukua na doti ya kanga aliyonitumia mama kutoka Tanga, haijakatwa wala kupindwa, jina lake MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nilikuwa nimeiweka nijishonee, lakini nikasema hii ni ya bibi.

Mlangoni nikakutana na binti yake mkubwa. Akanikumbatia, akayatazama maua, akaniambia kwa upole niyarudishe kwenye gari, ndani hawaweki maua. Sikuuliza. Kanga nikaiacha kwenye mkoba. Halafu nikafanya kosa jingine: vioo vyote vya nyumba vimefunikwa mashuka, na mimi kwa kutaka bibi ajione nikimchana nywele, nikafunua kile cha bafuni. Akafumba macho. Nikafunika haraka, lakini moyo uliniuma sana.

Wenye kuwajua hawa watu: zawadi ni mwiko? Na kama ni mwiko kwa mfiwa, je, mgonjwa naye? Sitaki kumuumiza bibi yule. Kesho saa 1 asubuhi niko kazini.

Kijana_wa_Ilemela · saa 4:22 usiku

Pole dada. Nijuavyo, Wayahudi zawadi msibani hawapokei kabisa. Nenda mikono mitupu, utakuwa salama.

Jiko_la_Brooklyn · saa 4:51 usiku

Binti wa Pangani, pole na kazi. Kijana wa Ilemela amegusa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo itakayomsaidia huyu dada. Nimepika miaka kumi na moja katika nyumba ya wazee wa Kiyahudi hapa Brooklyn. Jikoni kila siku alikuwepo rabi wa kusimamia kosheri, yaani sheria zao za chakula, mzee mwenye subira, na kila nilichokuwa nauliza alikuwa ananifungulia kitabu. Ninayosema hapa nimeyapata kwake.

Kwao zawadi ni kitu kimoja na chakula ni kitu kingine. Zawadi wanaihesabu kama salamu. Mfiwa katika siku saba hasalimiwi kwa shalom, wala wewe unapoingia husemi shalom, kwa sababu shalom ni amani na yeye amani haimo ndani yake kwa wakati huo. Sasa zawadi nayo inabeba ujumbe ule ule wa furaha. Ndiyo maana hata sikukuu ya Purimu, ambayo mmeisoma katika kitabu cha Esta, siku ambayo kila mtu anampelekea mwenzake vyakula, Rabi Moshe Isserles wa Krakow aliandika kwamba mfiwa hapelekewi: mwezi mmoja kwa aliyefiwa na ndugu wa karibu, miezi kumi na miwili kwa aliyefiwa na baba au mama. Huo ni mwendo wa Wayahudi wa Ulaya ya kati na mashariki. Wale wa Hispania na nchi za Waarabu wengi wana desturi nyepesi zaidi. Maua ni mlango huo huo. Mtu akiwa mgonjwa hospitalini anapelekewa maua bila shida. Katika shiva hapana. Kwa hiyo binti yake hakukukataa wewe.

Chakula ni tofauti kabisa. Chakula si hiari, ni wajibu wa majirani. Mlo wa kwanza baada ya maziko mfiwa hatakiwi kula chakula chake mwenyewe. Msingi wao uko Ezekieli 24:17, pale Mungu alipomkataza nabii kumlilia mkewe, akamwambia pia asile chakula cha watu. Wazee wao wakasema: kumbe wafiwa wengine wote hula chakula cha watu. Bila shaka Jumatatu uliona mayai ya kuchemsha, mkate wa mviringo, pengine dengu. Vinachaguliwa kwa ule uviringo. Na dengu wanasema hazina mdomo, yaani hazina ule mpasuko walio nao kunde na maharage, kama mfiwa asivyokuwa na la kusema. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi wao wa zamani, inasema ile dengu ambayo Yakobo aliipika mpaka Esau akauza uzaliwa wake, ilikuwa ya msiba wa babu yao Ibrahimu.

Sasa kanga. Hiyo ngumu kidogo, kwa sababu ni nguo mpya. Mfiwa havai nguo mpya siku thelathini. Uliyemtaja ni mjane, na mjane msiba wake unakwisha siku ya thelathini. Watoto ndio wataendelea mpaka mwaka. Iweke. Siku zikitimia mpe kwa mikono miwili, itapokelewa vizuri.

Kuhusu kioo, usijitese. Kufunika vioo ni desturi, na wanajua wewe ni mgeni.

Binti_wa_Pangani · saa 5:03 usiku

Mungu akubariki kaka. Mayai niliyaona! Nikataka kuwasha jiko niwapikie uji wa shayiri, jirani akanizuia akasema leo hatupiki hapa. Nikadhani nimekosea sufuria, maana kule za nyama na za maziwa hazichanganywi.

Swali: kila asubuhi namuuliza bibi ameamkaje, amelalaje, anaumwa wapi. Je, hiyo si salamu? Leo nimekaa kimya mpaka saa 3 nikiogopa kukosea.

Jiko_la_Brooklyn · saa 5:15 usiku

Usikae kimya kwa mgonjwa! Kumuuliza nyonga inamuumaje si salamu, ni tiba. Mfiwa ambaye ni mgonjwa sheria zake nyingi zinalegezwa: anaoga kama mwili unahitaji, analala kitandani, anavaa viatu anavyohitaji. Wewe fanya kazi yako yote kama ulivyokuwa unafanya, ila lile neno la uchangamfu la kuanzia siku liache. Ingia, kaa karibu, muulize maumivu.

Fizio_Kisumu · Jumatano, saa 12:05 asubuhi

Binti, nimesoma uzi wote kwa sababu ya neno moja: nyonga. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Wafiwa wa Kiyahudi wakati wa shiva hukaa kwenye viti vifupi, au wanaondoa mito ya makochi wakakaa chini. Bibi yako anakaa wapi?

Aliyewekewa kiungo cha bandia cha nyonga, wiki za mwanzo wengi huambiwa wasikunje nyonga kupita pembe mraba, yaani goti lisiwe juu ya nyonga. Kiti kifupi ndicho hasa kinachofanya hivyo. Kiungo kinaweza kuchomoka, na akirudi hospitali kwa ajili hiyo ni mateso makubwa kwa mtu wa miaka 84. Naomba ujibu hili kabla hujajibu lolote la zawadi.

Binti_wa_Pangani · saa 12:31 asubuhi

Kaka Fizio, umenishtua. Jana alikaa kiti kifupi karibu saa nzima. Nilimwambia, akasema mume wake wa miaka 59 hawezi kumkalia msiba kwenye kiti cha enzi. Nikanyamaza, sikujua kama nina haki ya kumbishia mtu katika dini yake.

Jiko_la_Brooklyn · saa 12:40 asubuhi

Una haki, na ni dini yake hiyo hiyo inayokupa. Mgonjwa hakai chini. Usibishane naye wewe. Mwambie binti yake ampigie rabi wao simu sasa hivi, amweleze maneno ya Fizio kama yalivyo. Rabi akisema kaa kiti kirefu, bibi atakaa, na hatajiona amemvunjia mumewe heshima. Hiyo simu ndiyo zawadi yako ya leo.

Ummu_Swafiya · saa 2:18 asubuhi

Makiwa kwa bibi huyo, na pole kwako mwanangu.

Nasoma nikiwa Mombasa na nashangaa jinsi mambo yanavyokaribiana. Sisi Waislamu Mtume (s.a.w.) aliposikia binamu yake Jaafar ameuawa alisema watu wa nyumba ya Jaafar watengenezewe chakula, kwa kuwa limewafikia la kuwashughulisha. Yaani mfiwa asipike. Ila kwetu huku matangani imegeuka, mfiwa ndiye anayepikia mtaa, sufuria kubwa kubwa na madeni juu. Hilo linanisikitisha miaka yote. Nimefurahi kusikia kuna watu ambao kwao jirani bado anakamata mkono wa mfiwa asiwashe jiko.

Swali langu: hakuna mashindano? Maana watu wakipeleka chakula huanza kutazamana, nani kaleta nini.

Jiko_la_Brooklyn · saa 3:02 asubuhi

Bi Ummu Swafiya shikamoo. Umeuliza jambo ninalolipenda kuliko yote, niruhusu nirefushe.

Talmudi, katika kitabu kinachoitwa Moed Katan, inasimulia kwamba zamani matajiri walikuwa wakipeleka chakula nyumba ya mfiwa katika vikapu vya fedha na dhahabu, na maskini katika vikapu vya fito za mierebi zilizomenywa. Maskini wakaona haya. Basi ikaamriwa wote wapeleke katika vikapu vya mierebi, kwa heshima ya maskini. Vinywaji vilevile: matajiri waliviweka katika vyombo vya kioo cheupe, maskini katika kioo cha rangi, ambacho siku hizo kilikuwa cha bei nafuu, wote wakaamriwa kutumia cha rangi. Tajiri ndiye aliyeshushwa. Hawakumwambia maskini akakope apande juu.

Halafu inaendelea mpaka kaburini. Gharama za kumvika maiti zilifika mahali ambapo zilikuwa nzito kwa jamaa kuliko kifo chenyewe, mpaka wengine waliiacha maiti wakakimbia. Rabban Gamlieli, mtu mkubwa, akaagiza yeye azikwe kwa kitani cha kawaida, na watu wote wakafuata. Mpaka leo Myahudi anayefuata dini anazikwa kwa sanda nyeupe isiyo na mapambo, awe nani awe nani.

Ndiyo maana nakwambia Binti, hata hicho chakula ukipeleka, peleka kidogo na cha kawaida. Tunda zima lisilokatwa ni salama kuliko vyote, halina shida ya kosheri. Ukinunua kilichofungwa, angalia alama ya kosheri kwenye pakiti. Ulichopika kwako usipeleke, hata kiwe kizuri vipi, hakitaliwa, na watapata taabu ya kukuficha wasikuumize. Divai usiguse kabisa.

Mama_Neema_Lowell · saa 7:44 mchana

Nimekuwa nikisoma tu, lakini hili linanihusu kwa uchungu na nitasema.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa namtunza mzee mmoja Myahudi katika nyumba ya wazee, moyo wake dhaifu sana, madaktari walishatuambia. Mwanawe wa kiume akafariki ghafla mji mwingine. Familia ikakubaliana na daktari na rabi kwamba mzee asiambiwe. Tukaitwa wote tunaoingia chumbani, tukaambiwa: hakuna kuvaa nyeusi, hakuna kulia, hakuna kumpa pole. Endeleeni na simulizi za hali ya hewa. Mimi nilikubali, lakini rohoni nilisema huu ni uongo, mtu anazikiwa mtoto bila kujua!

Siku ya nne akaja mgeni ambaye hakuambiwa. Kabeba sinia la matunda makavu, limefungwa vizuri, na kadi juu yake. Alidhani anamtembelea mgonjwa na kumfariji mfiwa kwa safari moja. Mzee akachukua kadi, akaisoma mwenyewe. Sitasahau jinsi mkono ule ulivyoanguka juu ya shuka. Alikaa siku mbili hali, hataki dawa, na sisi tulikuwa hatuna la kumwambia, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa amemtazama usoni siku tatu akijua.

Hakufa kwa sababu ya sinia lile. Lakini tangu hapo, mgonjwa yeyote ninayemtunza, zawadi ikiletwa naipokea mimi mlangoni, naangalia kadi kwanza.

Kijana_wa_Ilemela · saa 8:01 mchana

Mama Neema, hiyo imenigusa. Lakini kweli dini inaruhusu kumficha mtu kifo cha mwanawe? Mimi ningekasirika maisha yangu yote.

Jiko_la_Brooklyn · saa 8:35 mchana

Imo katika sheria waziwazi, wala haikubuniwa na familia ile. Shulchan Aruch, kitabu cha sheria cha Rabi Yosef Karo kilichochapwa Venice mwaka 1565, kina sura fupi kabisa juu ya jambo hili: mgonjwa aliyefiwa haambiwi, akili yake isije ikachafuka. Hata akijua, haambiwi achane nguo yake. Hawalii mbele yake, hawamsifu marehemu mbele yake, na wanaokuja kumfariji wananyamazishwa. Msingi wake ni Talmudi, ni wa zamani sana.

Nilimuuliza rabi wangu swali lako lile lile, Kijana. Alisema sheria inaulinda mwili kwanza. Ukiwa hai na mzima utapata siku nyingi za kulia. Ila alisema pia kwamba mgonjwa akiuliza kwa mdomo wake, yeye binafsi hawezi kumdanganya, na kwamba marabi hawaoni sawa wote katika hilo. Mimi naegemea kwake. Kutosema nakubali. Kusema uongo ukimtazama mtu machoni, sijaweza kukubali.

Mama_Neema_Lowell · saa 8:52 mchana

Mzee wangu hakuuliza. Pengine ndiyo yalinifanya niumie zaidi, maana siku ya tatu alianza kututazama sana. Asante kwa kunieleza kwamba ilikuwa sheria, kwa miaka mitatu nimewalaumu watoto wake moyoni.

Mkaazi_wa_Mbale · saa 11:20 jioni

Habari zenu kutoka Uganda. Naongeza kidogo tu kwa wanaodhani haya ni mambo ya Wazungu. Hapa kwetu Mbale kuna Abayudaya, Waafrika wanaofuata dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu alipoianza mwaka 1919, na sinagogi lao liko kilima cha Nabugoye. Nairobi pia kuna sinagogi la zamani, pale Uhuru Highway inapokutana na University Way. Kwa hiyo anayetaka kuuliza anaweza kuuliza hapa hapa Afrika Mashariki.

Binti_wa_Pangani · Jumatano, saa 3:30 usiku

Wakuu nimerudi. Rabi alipigiwa asubuhi ile ile. Alikuja mwenyewe saa 5, akaongea na bibi dakika tano. Sikuelewa lugha yote, lakini bibi alinyanyua mkono akanionyesha kiti cha mbao cha jikoni, tukaweka mto juu yake, akakaa. Binti yake alinifuata jikoni akaniambia asante mara mbili. Kaka Fizio, Mungu akulinde.

Nimepeleka machungwa sita. Nimeyaweka mezani bila kusema lolote, kama mlivyonielekeza, na jioni nimeona maganda.

Sasa wenzangu wanne tunaofanya kazi kwa wakala mmoja tumechangishana rambirambi, dola 120, tumezitia kwenye bahasha. Tumpe nani? Kwetu ubani unampa mfiwa mkononi.

Jiko_la_Brooklyn · saa 4:05 usiku

Mkononi hapana. Wao wanatoa sadaka kwa jina la marehemu, na mara nyingi familia husema iende wapi. Muulize binti yake kwa faragha. Familia ikiwa na shida ya fedha ni habari nyingine, hapo majirani husaidia kwa siri, lakini kwa ulivyoieleza nyumba hii sidhani.

Na kwa kuwa umenitajia machungwa, nikuambie kisa kimoja nikalale. Mwanafunzi wa Rabi Akiva, mwalimu wao mkubwa wa zamani, aliugua, hakuna mwanachuoni aliyekwenda kumtazama. Rabi Akiva akaenda mwenyewe. Kwa kuwa alikuja yeye, wakafagia sakafu wakainyunyizia maji, na yule kijana akapona, akamwambia mwalimu wake: umenihuisha. Rabi Akiva akatoka akafundisha kwamba asiyemtazama mgonjwa ni kama amemwaga damu. Katika kisa chote hakuna zawadi. Kuna sakafu iliyofagiliwa.

Na mgonjwa ambaye hata kusemeshwa kunamchosha, sheria inasema usiingie chumbani: kaa chumba cha nje, uliza kama kuna kitu cha kufagia, cha kuleta, cha kunyunyizia maji. Wewe hiyo ni kazi yako ya kila siku. Umekuwa ukimpa zawadi yao tangu siku ya kwanza bila kujua jina lake.

Ummu_Swafiya · saa 4:19 usiku

Na kanga yenyewe imeandikwa mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nimekaa hapa nalia.

Jiko_la_Brooklyn · saa 4:26 usiku

Bi Ummu, wao wana neno linalofanana: anayemtazama mgonjwa anamwondolea sehemu moja ya sitini ya ugonjwa. Wengine wakauliza, basi waingie sitini asimame atembee! Wakajibiwa kwamba kila mmoja anaondoa moja ya sitini ya kile kilichobaki. Kwa hiyo daima kinabaki kidogo, na daima kuna nafasi ya mgeni mwingine.

Dereva_Baltimore · Alhamisi, saa 6:15 mchana

Swali la pembeni. Mimi nampeleka mzee Myahudi kusafishwa figo mara tatu kwa wiki. Mwaka jana wakati wa kiangazi nilimpelekea kikapu cha matunda kwao, mkewe akakiweka kando akasema leo siku ya huzuni. Hakuna aliyekufa. Ilikuwa nini?

Jiko_la_Brooklyn · saa 6:50 mchana

Bila shaka ilikuwa tarehe 9 ya mwezi wa Av katika kalenda yao. Taifa zima linafiwa siku hiyo, kwa ajili ya Hekalu la Yerusalemu lililobomolewa na Wababeli, na lile la pili waliloliteketeza Warumi mwaka 70. Wanafunga tangu jioni mpaka usiku wa pili, hawasalimiani, na zawadi hawapelekeani, kama mfiwa wa siku saba. Ila mgonjwa hafungi, na kumtazama mgonjwa kunaruhusiwa. Kwa hiyo safari yako ilikuwa sawa kabisa. Kikapu kingesubiri kesho yake.

Binti_wa_Pangani · Jumapili, saa 9:40 alasiri

Mrejesho, wakuu. Leo msiba umekwisha, walizika Jumatatu na leo ndiyo ya saba. Kwao sehemu ya siku inahesabiwa siku nzima, kwa hiyo baada ya sala ya asubuhi wakasimama.

Kabla sijaendelea: Alhamisi jioni, wageni walipopungua, bibi aliniuliza Jumanne nilikuwa na nini kwenye mkoba, maana alinipeleleza nikiingia. Nikamwambia ukweli. Akataka kuiona. Nikaikunjua mbali naye kidogo nisije nikakosea tena. Akaniuliza yale maneno yanasemaje, nikamtafsiria. Akaniambia rudia. Nikarudia. Akasema mume wake alikuwa anamletea wageni kila Ijumaa bila kumwambia, na yeye alikuwa anakasirika. Akalia kidogo, mimi nikakaa chini karibu na miguu yake, sikusema kitu. Halafu akaniambia niikunje mpaka siku ya thelathini.

Zile dola 120 binti yake alituelekeza kwa watu wanaopelekea wagonjwa chakula nyumbani. Tumetuma Ijumaa kabla ya Sabato yao.

Leo asubuhi, kumbe wakimaliza siku saba wana desturi ya kutoka nje na kuzunguka mtaa kwa miguu. Watoto walisema mama abaki. Akakataa. Nikaleta kiti cha magurudumu, nikamfunika miguu kwa blanketi lake la zamani, tukatoka. Watoto mbele, mimi na bibi nyuma. Kulikuwa na baridi na majani yameanguka njia nzima, magurudumu yalikuwa yanakwama. Tulipofika kona ya tatu akaniambia nisimame, anataka kwenda mwenyewe. Nikamtazama binti yake, akaitikia kwa kichwa. Nikamshika kwapani, akatembea hatua kumi na moja mpaka kwenye ukuta wa jirani, akapumzika, akarudi kukaa.

Tuliporudi nyumbani ile taa wanayoiwasha kwa siku saba za msiba ilikuwa imeshazimika, na bibi mwenyewe akaniambia nianze na kioo cha bafuni. Nikaondoa shuka, nikamsogeza, nikamchana.

Nimehesabu, siku ya thelathini itakuwa Jumanne. Niko zamu ya asubuhi.